Stevie Wonder na Miaka Kumi ya Kusubiri Utu Uzima

Kuna kelele moja kwenye rekodi ya "Fingertips" ambayo ukishaisikia, huachi tena kuisikia. Wimbo umefika mwisho. Mshereheshaji anawaomba watu wampigie makofi kijana, bendi imeanza kipande cha kumsindikiza nje ya jukwaa, na wanamuziki wa msanii anayefuata, Mary Wells, wanapanda kushika nafasi zao. Ghafla mtoto anageuka, anarudi kwenye mikrofoni na harmonika yake, anaanza upya. Joe Swift, mpiga besi wa Mary Wells, ndiyo kwanza ameshika ala yake na hajui wimbo umo kwenye kii gani, yaani umesimama juu ya noti ipi ya msingi. Anapaza sauti: "Kii gani? Kii gani?" Mikrofoni ikamnasa, na kampuni ya rekodi ya Motown ikaiacha sauti yake humo humo kwenye sahani.

Mtoto huyo ni Stevie Wonder, wakati huo akiitwa Little Stevie Wonder, miaka 12. Ukumbi ni Regal Theater wa Chicago. Rekodi ilitoka Mei 1963, na Agosti ikakaa namba 1 kwenye chati ya nyimbo ya Marekani, Billboard Hot 100, kwa wiki tatu. Mwenyewe alikuwa ametimiza miaka 13 tu. Albamu iliyobeba wimbo huo nayo ikashika namba 1. Mpaka leo hakuna mwimbaji wa peke yake, asiye wa kundi, aliyefika kileleni mwa chati hiyo akiwa mdogo kuliko yeye.

Wengi wakisimulia habari zake huishia hapo, kisha wanaruka moja kwa moja hadi "Superstition" na tuzo za Grammy, kana kwamba kipaji kilijiendea chenyewe kama maji mteremkoni. Hapo katikati pana miaka tisa, na ndimo hadithi yenyewe ilimo. Kipaji walikuwa nacho watoto wengi. Frankie Lymon alikuwa na miaka 13 "Why Do Fools Fall in Love" ilipovuma mwaka 1956, Marekani na Uingereza pia. Sauti ilipobadilika biashara ikamtupa mkono, na mwaka 1968 akafa kwa heroini akiwa na miaka 25. Kilichomtenganisha Stevie na Lymon si ukubwa wa kipaji. Ni mambo mawili makavu kabisa: Stevie alikuwa ameanza kujifunza kazi zote za studio kabla koo halijamgeuka, na mkataba wake ulikuwa na siku ya kumwachia.

Nyumba ya West Grand Boulevard

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1950 huko Saginaw, Michigan, mtoto njiti aliyewahi kwa wiki sita. Akawekwa kwenye mashine ya kulelea watoto njiti, akapewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi ya hospitali siku zile. Mishipa ya damu ya retina kwa mtoto njiti haijamaliza kukua. Oksijeni ikizidi, mishipa hiyo husimama, kisha huchipuka ovyo na kuibandua retina. Uhusiano huo madaktari walikuja kuubaini miaka michache baadaye. Stevie hakuwahi kuona.

Familia ilihamia Detroit akiwa na miaka minne. Huko akajifunza piano, harmonika na ngoma, akaimba kwaya ya kanisa la Whitestone Baptist, akaimba na rafiki yake mitaani. Mwaka 1961, akiwa na miaka 11, alimwimbia Ronnie White wa kundi la The Miracles wimbo aliojitungia mwenyewe. White akampeleka Motown yeye na mama yake, Lula Mae Hardaway, na Berry Gordy akamsainisha.

Inafaa kuelewa Motown ilikuwa mahali pa namna gani, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Gordy aliianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake. Makao yalikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi, namba 2648 West Grand Boulevard, yenye bango la Hitsville U.S.A. mbele na studio kwa nyuma, chumba kidogo ambacho wanamuziki walikiita shimo la nyoka kwa jinsi nyaya zilivyoning'inia na kutambaa. Gordy alikuwa amefanya kazi kiwandani kwenye mstari wa kuunganisha magari, na akaendesha muziki kwa mtindo ule ule: huyu anaandika, yule anapiga, mwingine anaimba, na mkutano wa wiki unakaa kusikiliza na kupiga kura ni wimbo upi utoke. Wasanii walikuwa na mwalimu wa adabu, Maxine Powell, na mwalimu wa kucheza, Cholly Atkins. Kampuni hiyo hiyo ndiyo ilikuwa lebo, ndiyo ilikuwa mchapishaji wa nyimbo, yaani mshika haki za utunzi, kupitia tawi lake la Jobete, na ndiyo iliyosimamia kazi za wasanii. Yaani msanii akitaka kubishana na lebo yake, meneja wa kumtetea ni mwajiriwa wa lebo.

Kwa mtoto, mkataba ulikuwa hivi: miaka mitano mitano inayojirudia. Mrabaha wote, yaani fungu lake kwa kila sahani inayouzwa, unawekwa amanani mpaka atimize miaka 21. Yeye na mama yake wanapewa posho ya kila wiki. Fungu la Stevie lilikuwa dola 2.50. Akisafiri kwa maonyesho, kampuni inamlipia mwalimu.

Watu husoma hizo dola 2.50 na kukasirika. Hasira ina haki yake, lakini usiipeleke kwenye fungu la amana. Kule California, sheria ya mwaka 1939 ilitungwa baada ya mwigizaji Jackie Coogan, aliyechuma mamilioni utotoni, kukua na kukuta mama yake na baba wa kambo wameshazitumia. Kwa kuzifungia fedha, amana inaziepusha na jamaa wenye njaa, na pia na mtoto mwenyewe. Tatizo liko kwingine, kwenye hesabu inayofanyika kabla hela haijaingia amanani. Mrabaha wa wakati ule ulikuwa senti chache kwa sahani, na kabla hujauona, kampuni inakata kwanza gharama za kurekodi. Tuseme, kwa mfano tu, unapata senti 3 kwa sahani na kurekodi kumegharimu dola 3,000: sahani 100,000 za kwanza zimekwenda kulipa deni la studio. Na nyimbo zilizoanguka huwa hazisamehewi, deni lake linapandishwa juu ya ile iliyofaulu. Anayeshika daftari ni kampuni. Mtoto wa miaka 11 hawezi kulikagua, na mama aliyemlea kwa taabu hana wakili wa kumsaidia kulisoma.

Shule nayo ilikuwa kikwazo. Wakuu wa elimu wa Detroit hawakuridhika na mtoto anayekuwa njiani wiki baada ya wiki, na kazi yake ilikaribia kusimamishwa. Ufumbuzi ulikuja na Ted Hull, mwalimu ambaye naye uoni wake ulikuwa hafifu. Alisafiri na Stevie, wakisoma kwa maandishi ya nukta nundu kati ya onyesho na onyesho, huku Stevie akiwa ameandikishwa Shule ya Vipofu ya Michigan mjini Lansing. Alihitimu mwaka 1968. Katika orodha ya watoto nyota waliomaliza shule, jina lake lina majirani wachache.

Kibao kilichokuja kwa bahati

Rekodi zake za kwanza hazikwenda popote. Albamu mbili za mwaka 1962 zilikuwa za kujaribu jaribu: moja ya ala tupu zenye harufu ya jazi, nyingine ya kumwiga Ray Charles, kwa sababu tu wote wawili walikuwa weusi, vipofu na wapiga piano. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa kuwalea wasanii watoto: mtu mzima aliyekaa ofisini hamtazami mtoto aliye mbele yake, anatafuta mtu mzima wa kumfananisha naye.

"Fingertips" yenyewe ilikuwa kipande cha ala kwenye ile albamu ya jazi, kilichotungwa na Clarence Paul na Henry Cosby ili Stevie aonyeshe ufundi wa kupiga ngoma ndogo ziitwazo bongo. Jukwaani kikanenepa. Ongeza harmonika, ongeza kuitikiana na watu, kikafika dakika sita na ushei. Sasa sahani ya singo, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, haibebi vizuri urefu huo upande mmoja. Ukilazimisha, mifereji inabanana na sauti inanywea, besi kwanza. Kwa hiyo wakaukata wimbo vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili. Watangazaji wa redio wakageuza sahani na kupiga upande wa pili, ule wenye fujo, wenye mtoto anayekataa kushuka jukwaani na mpiga besi anayeuliza kii.

Harmonika aliyojulikana nayo ilikuwa ile ya kromatiki, si ile ndogo ya matundu 10 wanayopiga watu wa blues. Ndogo inakaa kwenye kii moja, ukitaka kii nyingine unabadili harmonika. Ya kromatiki yenye matundu 12 ina kitufe pembeni: kila tundu linatoa noti moja ukipuliza na nyingine ukivuta, na ukibonyeza kitufe zote mbili zinapanda nusu toni. Kumi na mbili mara nne, ndimi 48 za chuma ndani ya kitu kinachotosha kiganjani. Unaweza kupiga kii yoyote, ila pumzi, ulimi na kidole lazima viende pamoja, na mdomo uujue umbali wa kila tundu bila kuona. Hapo Stevie hakuwa na upungufu wowote, maana harmonika haitazamwi na mtu yeyote anayeipiga.

Kampuni ikajifunza somo potofu kutokana na mafanikio hayo. Walidhani wamegundua fomula: mtoto, harmonika, kelele. "Workout Stevie, Workout" ikaishia namba 33. "Castles in the Sand", 52. "Hey Harmonica Man", 29. Mwaka 1964 wakamwingiza kwenye filamu mbili za vijana wa ufukweni California, akiimba katikati ya wazungu wanaoteleza mawimbini, wakamtolea na albamu ya mambo ya baharini. Unaweza kuisikiliza leo, si dhambi, lakini inachosha. Kilichouza "Fingertips" ni kitu kutokea bila kupangwa mbele ya umati, na ajali haitungiwi ratiba.

Na wakati huo huo, sauti ilikuwa inaondoka.

Koo linapogeuka

Mvulana akibalehe, kikoromeo kinakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka kiasi cha oktava nzima, yaani ngazi nane za sauti. Ingeshuka kwa utaratibu isingekuwa shida. Lakini misuli iliyozoea kuvuta nyuzi fupi haijajua kuvuta nyuzi ndefu, kwa hiyo kwa miezi kadhaa noti zinakatika katikati ya neno, hasa pale sauti ya kifua inapokutana na ya kichwa. Leo kii inafika, kesho haifiki. Makosa yanayofanywa studio ni yale yale siku zote: nyimbo zinaachwa kwenye kii za zamani kwa kuwa muziki umeshapigwa, kijana anasukuma kwa koo, nyuzi zinavimba, anakuwa na mkwaruzo, watu wanasema sauti imekufa. Haijafa. Inataka kii ishushwe, sentensi za wimbo zifupishwe, mwimbaji asipandishwe juu kwa muda, na kijana apewe siku za kunyamaza.

Motown walikuwa karibu kumwacha. Neno "Little" lilikuwa limeshaondolewa mwaka 1964, kwani alikuwa amerefuka na jina lilianza kuchekesha. Aliyemtetea ni Sylvia Moy, mtunzi kijana wa pale pale, mmoja wa wanawake wachache waliofanya kazi ya kutunga na kutayarisha muziki katika kampuni hiyo. Akaomba apewe nafasi ya kujaribu naye. Aliketi na Stevie, akamtaka ampigie kila alichokuwa anakichezea kichwani, kila kipande, hata visivyokwisha. Kimoja kilikuwa mdundo wa kasi wenye maneno machache tu ya kiitikio. Moy akachukua hicho, akaandika hadithi ya kijana maskini anayependwa na binti wa kishua, na Cosby akausimamia muziki. Ikawa "Uptight".

Siku ya kurekodi pakatokea tatizo dogo la kiutendaji ambalo ndilo nalipenda kuliko yote katika maisha yake. Maneno yalikuwa hayajaandikwa kwa nukta nundu. Studio inasubiri, wanamuziki wanalipwa. Moy akaingia kwenye chumba cha udhibiti na kumwimbia Stevie masikioni, kupitia hedifoni, mstari mmoja mbele: Stevie anaimba mstari wa kwanza huku anasikia wa pili, anaimba wa pili huku anasikia wa tatu. Jaribu mwenyewe kuimba wimbo unaoujua huku mtu anakusomea mwingine sikioni, utaona inavyovuruga. Kwa mwendo wa "Uptight", ambao haukupi pa kuhemea, inahitaji kichwa kilichozoea kushika vitu kwa sikio tangu siku ya kwanza. Sikiliza rekodi: huwezi kujua.

Sikiliza na jambo lingine. Wimbo umesimama juu ya kordi mbili tu, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, zinazopokezana. Sentensi ni fupi. Hakuna pa kushikilia noti ndefu juu, palipokuwa hatari kwa sauti ya miaka 15. Muziki unasukumwa na tarumbeta na ngoma. Yeye anaupanda kama mtu anayedandia gari lililoanza kwenda. Ilitoka Novemba 1965, ikafika namba 3. Kwa hesabu yangu hapo ndipo Stevie Wonder alipozaliwa. "Fingertips" ilikuwa ya Motown. Hii ilikuwa yake, hata jina lake limo kati ya watunzi.

Mwanafunzi wa shimo la nyoka

Kutoka hapo hadi mwaka 1970 vibao vilifuatana: "I Was Made to Love Her" namba 2 mwaka 1967, na mama yake akiwa mmoja wa watunzi; "For Once in My Life" namba 2 mwaka 1968; "My Cherie Amour" namba 4 mwaka 1969. Sitazipitia zote. Ninachotaka kionekane ni alichokuwa akikifanya baada ya kumaliza kuimba.

Hakuwa anakwenda nyumbani. Tangu utoto alizunguka chumba hadi chumba akigusa kila ala. Ngoma alifundishwa na Benny Benjamin, mpiga ngoma mkuu wa studio, na ukisikiliza Stevie mtu mzima akipiga ngoma utasikia mtindo wa Benjamin: hai-hati, vile visahani viwili vinavyogongana, haikai sawa kama saa, inavuta nyuma kidogo, na mipito yake inaingia mahali usipoitarajia. Besi alikaa karibu na James Jamerson, na baadaye alipoanza kupiga besi kwa kinanda aliipiga kwa lahaja ya Jamerson, noti zinazotembea na kuzungumza badala ya kusimama kwenye mzizi wa kordi. Ada hii ya masomo hakuilipa, lakini kampuni nayo haikujua inasomesha.

Kutunga alijifunza kwa kugawana. Kuna muziki alioutengeneza na Cosby, wenye mlio kama wa kinanda cha sarakasi, akashindwa kuupatia maneno. Katika sherehe ya Krismasi ya kampuni mwaka 1966 akampelekea Smokey Robinson, mwimbaji wa The Miracles. Robinson akasikia sarakasi, akamfikiria mchekeshaji anayelia, ikawa "The Tears of a Clown", ambayo mwaka 1970 ilishika namba 1 Marekani na Uingereza. Mwaka huo huo Stevie akatayarisha mwenyewe singo yake, "Signed, Sealed, Delivered", ikafika namba 3. Kwa hiyo kabla hajatimiza 21 alikuwa anajua kupiga, kutunga, kupanga na kutayarisha. Ukimwondoa Motown, Motown inabaki na studio. Yeye anabaki na kazi yote.

Tarehe 13 Mei 1971

Sheria inamruhusu mtu aliyesaini akiwa mtoto kuukana mkataba akifikia utu uzima. Utu uzima wa Michigan ulikuwa miaka 21. Ulishushwa hadi 18 kuanzia Januari 1972, miezi michache baada ya yeye kuufikia kwa njia ndefu. Siku yake ilipofika, mkataba ukaisha na hakusaini mwingine. Amana ikafunguliwa, akakuta kiasi cha dola milioni 1. Ukiitazama kama mfuko wa kijana wa miaka 21 ni utajiri. Ukiitazama kama malipo ya miaka 10 ya vibao, irudie hesabu ya senti hapo juu.

Kosa ambalo vijana wengi hufanya siku hiyo ni mojawapo kati ya mawili. Wa kwanza anasaini upya kesho yake kwa kuogopa kusahaulika. Wa pili anakimbilia lebo nyingine itakayompa hela mkononi na masharti yale yale. Ndugu wa Jackson 5 walipoondoka Motown mwaka 1975, jina la kundi lilibaki kwa kampuni, wakalazimika kujiita The Jacksons, na ndugu mmoja, Jermaine, akabaki nyuma. Stevie alifanya jambo la tatu: alikwenda New York na fedha zake, akaingia studio, akarekodi bila lebo yoyote. Wakili wake, Johanan Vigoda, akawa anazungumza na Motown huku kazi mpya ikiongezeka kwenye tepu. Anayekwenda mezani na albamu iliyokamilika, ambayo ameilipia mwenyewe, haombi kazi, anauza mali.

Mkataba uliosainiwa ulikuwa na kurasa 120, kitu kisichowahi kuonekana Motown. Mrabaha ulipanda. Nyimbo zake zikaingia kwenye kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Black Bull Music, badala ya Jobete kuzimeza zote. Na uamuzi wa nini kirekodiwe, wapi, na nani, ukawa wake. Kwa mtunzi, hicho cha pili ndicho kizito kuliko vyote. Mrabaha wa sahani unakufa sahani ikiacha kuuzwa, na haki ya utunzi inalipa kila mtu mwingine akiuimba wimbo.

Chumba kilichojaa nyaya

New York alikwenda kuwatafuta Robert Margouleff na Malcolm Cecil. Walikuwa wametoa albamu ya sintesaiza tupu, mitambo inayounda sauti kwa umeme, waliyoipiga kwa mtambo wao, TONTO, kabati zilizojipinda zikamzunguka mpigaji, zimejaa vitufe na nyaya. Sintesaiza za wakati ule hazikuwa na kumbukumbu. Sauti moja ya besi ilitengenezwa kwa kuchomeka nyaya na kugeuza vitufe mmoja mmoja. Ukichomoa, imepotea, utaitafuta tena kwa sikio. Chumba kikipata joto, kii inahama. Na kinanda cha Moog, aina mojawapo ya sintesaiza, kilitoa noti moja kwa wakati, hivyo kordi ya noti tatu unairekodi mara tatu. Wakagawana kazi: Stevie kwenye kinanda, wao wawili kwenye vitufe, wakibadilisha sauti ikiwa inapigwa. Kwa utaratibu huo zilitoka albamu nne, kuanzia "Music of My Mind" mwaka 1972.

Chukua "Superstition", ya albamu ya "Talking Book" mwaka huo huo wa 1972. Ngoma zilirekodiwa kwanza, akizipiga mwenyewe, wimbo mzima ukiwa kichwani na hakuna mwingine wa kumfuata. Ndiyo maana zina upepo ule. Besi ni Moog. Ule mkwaruzo unaorukaruka, ambao wengi hudhani ni gitaa, ni Clavinet ya Hohner, kinanda cha vibonye 60 ambacho kila kibonye kina kipande cha mpira kinachogonga waya na kuubana kwenye chuma, kisha sumaku inaunasa kama kwenye gitaa la umeme. Si moja: zimerekodiwa tabaka kadhaa, kila moja ikijibu nyingine, na ukivaa hedifoni utazisikia zikitokea kushoto na kulia. Kii ni E-flati ndogo, ambayo karibu yote inakaa kwenye vibonye vyeusi. Kwa mpigaji anayetafuta njia kwa vidole, vyeusi vimeinuka na vina nafasi katikati yake. Watu wengine aliowahitaji ni wawili tu, wa tarumbeta na saksofoni. Ikashika namba 1 mwanzoni mwa 1973, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka 13.

Mwaka huo huo, Agosti, gari alimokuwa abiria liligongana na lori la magogo North Carolina, akazimia kwa siku kadhaa na kupoteza sehemu ya uwezo wa kunusa. Alirudi. Grammy ya albamu bora ya mwaka akaichukua 1974, akaichukua 1975, na Paul Simon alipoipata 1976 alimshukuru Stevie Wonder hadharani kwa kutotoa albamu mwaka uliopita. Stevie alikuwa anaitengeneza "Songs in the Key of Life", chini ya mkataba mpya wa miaka saba na dola milioni 37. Akaichukua tena 1977.

Ndani ya albamu hiyo umo wimbo aliomwimbia bintiye mchanga, "Isn't She Lovely". Redio ziliutaka, Motown waliutaka uwe singo. Shida ilikuwa ile ile ya mwaka 1963: dakika sita na ushei, na sahani ya mizunguko 45 haibebi vizuri. Nusu ya pili karibu yote ni harmonika. Wakamwomba aukate.

Akakataa, na haukutoka.